Mguu wa Mnyama wa Saba

Kwanza naomba radhi kwenu nyote mtakaosoma. Mwandiko wangu si mzuri na tahajia yangu ni ya kubahatisha, maana niliishia darasa la nane na tangu hapo sikuwahi kuandika kitu kirefu. Naandika polepole. Karatasi hizi zimenichukua wiki tatu, nikiandika kitandani baada ya kazi, na rafiki yangu ndiye atakayezipiga picha azitume. Mkikuta neno limekosewa, lisomeni hivyo hivyo, naamini mtanielewa.

La pili, haya yalitokea kweli, na yalinitokea mimi. Mimi si msemaji. Nyumbani Msambweni watu walikuwa wakimuuliza mama, "Huyu mwanao ulimi anao?" Mtu asiyeweza hata kuomba chumvi mezani, atapata wapi uwezo wa kutunga uongo mrefu kama huu? Tena uongo wa kunitia aibu mwenyewe? Niaminini.

Niko Dubai mwaka wa pili. Nalala Satwa, chumba kimoja na watu wanane, vitanda vya ghorofa. Kampuni iliyonileta ni ya usafi, na kazi waliyonipa ilikuwa kusafisha vyoo katika nyumba moja kubwa ya vioo ambayo ndani yake wamepanda msitu. Ndiyo, msitu. Nje ni joto la kuunguza nyayo, ukiingia ndani unakuta miti mirefu, ukungu, maji yanatiririka, ndege wa rangi rangi wa kutoka Amerika ya Kusini. Watu wanalipa kuingia. Mimi nilikuwa nikiingia bure kwa mlango wa nyuma, na ndoo.

Siku moja akaja mama mmoja mtaalamu kutoka Peru. Sitamtaja jina. Sote tulimwita Madam. Alikuja kwa ajili ya wanyama sita waliotolewa kwenye villa ya mtu mmoja huko Mirdif, aliyekuwa akiwafuga kwenye gereji bila karatasi yoyote. Ni wanyama wa jamii ya panya, lakini msifikirie panya wa darini. Hawa ni wakubwa kama mtoto wa mbuzi, wanene, hawana mkia wa maana, rangi ya kahawia, na ubavuni wana madoa meupe yaliyopangwa safu safu. Mashavu yamevimba kama mtu mwenye jino bovu. Huko kwao wanaishi misituni, na wako aina mbili zinazofanana sana, wa mabondeni na wa milimani. Kazi ya Madam ilikuwa kutambua hawa ni wa aina gani, aandike ripoti, ndipo wapate karatasi na kupelekwa mahali panapowafaa. Bila ripoti, wangekaa kwenye chumba cha nyuma cha ile nyumba ya vioo mpaka wafe.

Alihitaji mtu wa kukaa nao na kuandika. Wenzangu walikataa kwa sababu ya harufu. Mimi nilikubali kwa sababu kule hapakuwa na watu wa kuongea nao. Madam akaniambia nikiandika vizuri kwa miezi miwili, ataniombea kazi ya kudumu ya kutunza wanyama, na nitatoka kwenye kampuni ya usafi kabisa, nipate kafeel mwingine, yaani mdhamini, na chumba cha watu wawili. Mnajua maana ya hilo kwa mtu anayesugua vyoo vya watu mia tano kwa siku? Nilimpigia mama simu nikamwambia aniombee dua.

Jina la wanyama hao nililikosea tangu siku ya kwanza. Madam alitamka jina la kwao, linalosikika kama letu, nami nikasikia "paka." Nikaandika PAKA juu ya daftari kwa herufi kubwa. Kulikuwa na askari wa lango la nyuma, Mkenya mwenzangu kutoka Bungoma, namwita Wekesa ingawa si jina lake. Aliona daftari akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Wee kijana ya pwani! Hii ni paka?"

"Madam amesema."

"Hii ni ndezi, buda. Kwetu hii tunachoma na ugali. Ushawahi kuona paka inakula mavi yake?"

Kwa sababu walikuwa wakila. Nasema mapema ili mwenye tumbo jepesi aache kusoma hapa. Mnyama yule hukaa kitako, huinamisha kichwa mpaka chini ya tumbo, hupokea kinachotoka kabla hakijafika chini, kisha huinuka na kutafuna taratibu, macho yametulia kama mzee anayekula tambuu. Na madume huwarushia majike mkojo. Hurusha mbali, kama bomba. Mara mbili ulinipata, mara moja shingoni. Harufu yake ni ya mkojo uliolala, ikichanganyika na ndizi iliyooza na kitu kingine kama nywele zilizolowa. Nilikuwa nikirudi Satwa wenzangu wananiambia nivue nguo mlangoni.

Madam alisema kula vile ni maumbile yao, hawana kosa. Nilimwelewa. Lakini kuelewa hakukuzuia mate ya kichefuchefu kunijaa mdomoni.

Sasa nieleze chumba, maana bila hicho hamtaelewa. Wanyama hawa hulala mchana na kuamka usiku. Kwa hiyo kile chumba kiligeuzwa. Usiku taa kali ziliwashwa, wakadhani ni mchana wakalala. Asubuhi saa mbili taa zilizimwa, wakadhani ni usiku wakatoka kwenye masanduku yao. Ndipo mimi nilipoingia na kitochi chekundu, kwani mwanga mwekundu hawaujali. Basi nilikuwa nikiketi kwenye giza tupu, na nje jua la Dubai linawaka.

Daftari lilikuwa na saa zilizochapwa tayari na Madam. Mimi niliandika tu wangapi wametoka na wanafanya nini, kwa Kiswahili, naye hupiga picha kwa simu na simu inamtafsiria. Mbele ya kila sanduku kulikuwa na sinia la mchanga laini. Wanapokanyaga, nyayo zinabaki, nami nahesabu vidole. Mguu wa mbele vidole vinne. Mguu wa nyuma vitano, vitatu vya katikati vinene vyenye kucha kama kwato ndogo, na viwili vidogo sana pembeni, vimepanda juu, karibu haviguswi na mchanga. Madam alinifundisha kuwashika na kuwapima mguu kwa rula. Alisema rangi ya manyoya inaweza kukuchanganya kwenye giza, lakini vidole vinahesabika hata ukiwa umefumba macho. Na alinipa sharti moja tu. "Andika ulichokiona. Usiandike unachodhani mimi nataka." Alilirudia karibu kila siku.

Ilikuwa Ijumaa. Madam alikuwa amekwenda Bur Dubai kwenye ofisi moja kushughulikia mihuri. Nilipanga kutoka mapema niwahi sala. Saa tano asubuhi nilikuwa nimeketi kwenye kistuli changu, wanyama wote sita wametoka, wanakula maboga. Niliwahesabu mara mbili. Sita.

Kisha nikasikia kutafuna nyuma ya tangi la maji.

Nikahesabu tena. Sita wako mbele yangu. Na kutafuna kunaendelea, polepole, kwa mate mengi. Nikainuka, nikazunguka tangi, nikamulika.

Alikuwa mzee. Amechuchumaa amenipa mgongo, kichwa cheupe, shati la kahawia kama sare yetu ya usafi. Sikuogopa, wallahi. Kwa nini niogope? Kampuni ina watu wengi wa zamu, na wazee wako, wanaofanya kazi mpaka mgongo unapinda. Nilidhani ameingia kujificha apumzike. Lililonijia kichwani lilikuwa adabu tu. Mimi nimelelewa na nyanya. Ukimkuta mtu mzima humpiti kimya, hata ukiwa na haya kiasi gani.

Nikasema, "Shikamoo."

Akaacha kutafuna. Hakusema marahaba. Mashavuni mwake kukatoka mngurumo, ule ule wa wanyama wanapokasirika, kama mtu anayevuta meza nzito kwenye sakafu. Kisha akasema, kwa Kiswahili cha kwetu, kile cha wazee wa pwani ya kusini kabisa:

"Umesema nini, mwanangu?"

"Nimesema shikamoo, mzee."

"Sema tena."

"Shikamoo."

"Mwana wa wapi wewe?"

"Msambweni."

"Nimejua. Nimejua hata hujamaliza neno." Akatafuna kidogo, akameza. "Huku naitwa yalla. Yalla lete maji, yalla fagia, yalla toka. Sijapewa shikamoo tangu..." Harufu ilikuwa kali kuliko ya wanyama wote pamoja, mpaka macho yakanichoza.

"Pole, babu," nikamwambia. Ningemwambia nini?

"Haya basi," akasema. "Shika."

"Nishike nini, babu?"

"Si umesema wewe mwenyewe? Umesema unashika miguu. Ama vijana wa siku hizi mnasema tu?"

Na bila kugeuka, akanyoosha mguu mmoja nyuma kuelekea kwangu.

Ndugu msomaji, najua unavyofikiri. Unasema mimi ningekimbia. Lakini hebu jiulize, umewapa watu shikamoo ngapi maishani mwako? Kuna hata mmoja aliyewahi kukudai? Neno lenyewe nilikuwa nimelisema mimi, na mara mbili zaidi kwa kuambiwa. Yeye alikuwa mzee, mtu wa kwetu, katika nchi ya watu, na sauti yake ilikuwa na huzuni. Na mimi siwezi kumkatalia mtu mzima. Sijui jinsi ya kukataa. Hiyo ndiyo ila yangu.

Nikaweka tochi chini, nikapiga goti, nikanyoosha mkono wa kulia, nikaushika.

Ulikuwa baridi. Juu manyoya magumu yaliyoloa, chini utupu, ngozi laini yenye utelezi kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Katikati ya vidole kulikuwa na kitu laini kilichojibana, kikaingia chini ya kucha zangu. Na mkono wangu, bila mimi kuuambia, ukafanya kazi uliyofundishwa. Ukahesabu. Kidole kinene, kingine kinene, cha tatu kinene, kucha kama kwato. Pembeni, kidogo. Upande wa pili, kidogo, kimepanda juu. Vitano. Mguu wa nyuma. Lakini urefu ulikuwa wa mguu wa mtu mzima, kutoka kisigino hadi ncha, ulijaa kiganja na kuvuka mpaka kifundo cha mkono.

"Marahaba," akasema sasa. Akatoa pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Marahaba, mwanangu, marahaba."

Tochi pale chini ilikuwa inamulika ubavu wake. Nikaona vifungo vyeupe vya shati. Vilikuwa vingi. Vilipangwa safu nne, kuanzia begani mpaka nyongani. Shati gani lina vifungo ubavuni, safu nne?

Nilikuwa bado nimeshika mguu.

Akageuza kichwa kidogo. Sikuona uso wote, namshukuru Mungu. Niliona shavu lililovimba na jicho moja kubwa jeusi, halina weupe hata kidogo. Kisha akainama, kichwa chini ya tumbo, akapokea. Mnajua alichopokea. Akainuka, akakitazama kiganjani, akakigawa vipande viwili, kwa upole kabisa, kama babu anavyomgawia mjukuu halua. Akanyoosha kipande kimoja kwangu.

"Karibu."

Nami, Mungu anisamehe, nikajibu kama nilivyofundishwa. "Ahsante, babu. Nimeshiba."

"Hata kuonja?"

"Nimeshiba kweli, babu."

Nikauachia mguu. Nikaokota tochi. Sikukimbia, nilirudi nyuma nyuma, hatua moja moja, sikutaka kumpa mgongo. Sikujua kama ni woga au ni adabu. Nilipofika mlangoni nilitoka nikafunga, nikatapika kwenye ndoo yangu ya kazi mpaka sikuwa na la kutapika.

Wekesa alikuwa langoni. "Kijana ya paka, una nini?"

"Kuna mzee ameingia mle ndani?"

"Mzee gani? Mlango ni huu, na mimi niko hapa tangu saa moja. Wewe tu ndiye umeingia."

Akaingia mwenyewe na kurunzi kubwa nyeupe, akamulika kila pembe. Akatoka amefunika pua. "Ndezi sita," akasema. "Na harufu yao."

Niliketi kwenye ngazi na daftari magotini. Ningeweza kuandika sita. Nani angejua? Lakini sharti la Madam lilikuwa andika ulichokiona. Basi pembeni mwa ukurasa, mahali pasipochapwa saa, nikaandika: "5:00. Saba. Wa saba ni mzee. Mguu wa nyuma vidole vitano, viwili vidogo pembeni. Nimeushika."

Kisha nikaenda kuosha mkono. Tulifundishwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, kwamba kuna najisi inayooshwa mara saba, moja kwa udongo. Hiyo ni ya mbwa na nguruwe, na hii sikujua ni ya nani, lakini nikafanya vivyo hivyo. Mchanga Dubai haukosekani. Nilisugua mpaka ngozi ikawa nyekundu. Harufu ikabaki. Nilikwenda msikitini, na mtu aliyekuwa kulia kwangu alihama safu.

Kesho yake Madam aliniita kwenye chumba kidogo cha kamera. Wekesa alikuwepo. Madam alikuwa na uso wa hasira, lakini hasira yake ilikuwa na kitu kingine ndani.

"Unalala humu?" akaniuliza.

"Hapana, Madam."

"Usinidanganye. Umeandika saa kumi na moja alfajiri uliona mtu. Saa hiyo nyumba imefungwa. Nimetazama kamera. Tazama."

Nilichanganyikiwa kidogo kisha nikaelewa. Nilikuwa nimeandika tano kwa saa yetu, ile inayohesabiwa tangu jua kuchomoza. Yeye akasoma tano ya kwao, akaenda kutazama alfajiri ya siku ile, saa sita nzima kabla ya saa niliyoandika. Kosa langu. Lakini picha ilikuwa mbele yangu.

Saa hiyo taa zilikuwa zinawaka, chumba cheupe pe. Wanyama hawaonekani, wamelala masandukuni. Na kwenye tundu la sanduku la mwisho, la saba, lile ambalo Madam aliliacha tupu, ilikuwa imechomoza miguu miwili. Miguu ya mtu mzima aliyejikunja ndani, akakosa nafasi. Nyayo zimetukabili. Zilikuwa zinacheza cheza kidogo, kama za mtu anayeota.

"Vua viatu," Madam akasema.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikavua, nikavua na soksi, mbele ya mama mtu mzima na Wekesa. Madam akatoa rula yake, ile ya wanyama, akapiga goti, akanipima mguu kutoka kisigino hadi ncha. Kisha akaikuza picha kwenye kioo. Akaanza kuhesabu kwa kidole, kimya, midomo ikicheza. Vitatu vya katikati. Kimoja pembeni. Kimoja pembeni, kimepanda juu. Akahesabu tena. Rula ikamtoka mkononi.

"Saa aliyoandika si ya alfajiri, Madam," Wekesa akasema taratibu. "Kwa Kiswahili saa tano ni saa hii ya karibu na adhuhuri. Huyu hajui hata kuna kitu alfajiri."

Wakatafuta ile saa yangu. Giza. Ilionekana nukta nyekundu ya tochi tu. Ikazunguka tangi, ikasimama. Ikashuka chini, ikatulia pale kwa muda mrefu sana. Kisha ikarudi nyuma nyuma mpaka mlangoni.

Madam aliketi. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nimeshawatambua. Ni wa mabondeni, wote sita. Ripoti iko tayari, Jumatatu inakwenda, wanapata karatasi, wanaondoka. Lakini daftari ni ushahidi. Wakiona mstari huu watasema aliyeandika ni kichaa, na kila kitu alichoandika ni cha kichaa. Kazi ya miezi miwili imekwisha. Wanyama watabaki." Akanisogezea daftari na kalamu. "Ukate. Andika pembeni kwamba ulikosea kuhesabu, utie sahihi. Mkataba wako nimeuombea. Umekubaliwa."

Wekesa akaninong'oneza, "Kata, buda. Laini moja tu. Kata utoke vyooni."

Nikashika kalamu. Niliutazama ule mstari wangu, herufi zimelala huku na huku. Nilitaka kuukata, sitawaficha. Nilimfikiria mama. Lakini mkono ulioshika kalamu ndio ule ule, na bado ulikuwa unanuka, na chini ya kucha bado mlikuwa na kitu cheusi ambacho sindano haikukitoa. Nitaandikaje kwamba nilikosea kuhesabu? Nilihesabu kwa vidole vyangu. Na yule mzee, kama aliwahi kuwa mzee wa mtu, ningemfuta kwenye daftari, je, si ningekuwa nimemwita yalla kama wengine?

Sikuwahi kukataa kitu mbele ya mkubwa maisha yangu yote. Nikaiweka kalamu mezani tu, nikainama kuvaa soksi.

Alinisubiri kidogo. Kisha akachana ule ukurasa, akaukunja mara nne, akautia mfukoni mwake. Hakuutupa. Niliona.

"Khalas," akasema. "Unaweza kwenda."

Jumapili nilirudi vyooni. Wanyama wakaondoka wiki ile ile. Wekesa ndiye aliyesaidia kubeba masanduku kwenye gari, na ndiye aliyeongea na dereva kutoka Mirdif aliyeleta vitu vyao vilivyobaki. Dereva alimwambia kwamba kule gereji kulikuwa na mtunzaji mzee, mtu wa pwani ya Afrika, aliyekuwa akilala humo humo na wanyama miaka mingi kwa sababu hakupewa chumba. Baadaye hakuonekana tena, na hakuna aliyeuliza. Nilimuuliza Wekesa, masanduku yaliyopanda gari yalikuwa mangapi? Akanitazama vibaya. "Sikuhesabu," akasema, "na usiniulize tena."

Sasa ni miezi minane. Harufu haijatoka. Imekaa kwenye mkono wa kulia, kuanzia vidoleni mpaka kifundo, pale ule mguu ulipofika. Daktari alinusa akasema hasikii kitu, lakini alisogeza kiti chake. Nimejaribu ndimu, siki, udi, dawa ya choo. Dawa ya choo huifunika kwa muda wa saa moja, ndiyo maana siku hizi siichukii kazi yangu. Chumbani wenzangu wanakula kwenye sinia moja, mimi nakula pembeni kwa kijiko, nimegeukia ukuta, na hata hivyo mara nyingi naacha. Nimekonda. Mwezi uliopita alikuja ami yangu kutoka nyumbani kutembea, mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Nilisimama mbele yake mikono nyuma. Sikuweza kumpa shikamoo. Aliondoka amenuna, akamwambia mama kwamba Dubai imeniharibu. Mama analia kwenye simu, nami siwezi kumweleza.

Basi nawaonya, hasa ninyi vijana wenzangu mliofundishwa adabu na mkapelekwa mbali. Mkimkuta mzee mahali penye giza, hata kama nje ni mchana, mulikeni miguu kwanza. Salamu ingoje. Neno lile lina maana, na wako wanaolichukua kwa maana yake.

Na kama yuko mtu, Lamu au Tanga au Unguja au popote, anayejua kitu cha kuosha mkono wa namna hii, au aliyewahi kushika nilichoshika mimi, tafadhali aniandikie. Aandike hata mistari miwili, hata kwa herufi mbaya kama zangu. Nasoma polepole, lakini nitasoma zote. Na kama humo kuna mtu aliyepotelewa na babu aliyekuja huku kutunza wanyama wa matajiri, huyo aandike kwanza kabla ya wengine wote.